iPhone 7 yenye hitilafu ya aisii ya sauti: namna ya kuitambua, kuokoa vitu vyako na kuitengeneza

Karibu kila wiki naletewa iPhone 7 au iPhone 7 Plus yenye maelezo yanayofanana mno: mwenye simu akipiga hasikiki upande wa pili, kitufe cha spika kimefifia wakati wa maongezi, ujumbe wa sauti wa WhatsApp haurekodi, na mara ya mwisho simu ilipozimwa ilikaa kwenye nembo ya tufaha dakika kadhaa kabla ya kuwaka. Maswali yanayofuata nayo ni yale yale. Je, niifute yote nianze upya? Je, nisasishe programu? Je, nibadilishe sistimu chaji, yaani kipande chenye tundu la chaji na maikrofoni ya chini? Jibu la yote matatu ni hapana, angalau si sasa. Mwongozo huu unakupa mpangilio wa kufuata, kwa sababu kwa simu hii mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama utabaki na picha zako au utazipoteza.

Maelezo ya tatizo lenyewe ni mafupi. Simu hizi zilitoka Septemba 2016. Juu ya bodi yake kuu kuna aisii (IC, yaani kijipande cha kielektroniki) inayosimamia sauti, nayo imeshikizwa kwa vipunje vya lehemu vilivyopangwa kwa mistari kama punje za hindi, kila kipunje kikiwa kimekaa juu ya kidoa chake cha shaba. Simu inapopindwa kidogo kidogo kwa miaka, mfukoni, chini ya mto au kwa kuanguka, baadhi ya vidoa hivyo huachia. Kile ambacho mafundi hukiita C12, yaani kidoa cha mstari wa C, namba 12, ndicho huachia mara nyingi zaidi. Simu inapowaka hujaribu kuwasiliana na aisii hiyo, na isipopata jibu hungoja, ndiyo maana kuwaka kunachukua muda mrefu.

Mwaka 2018 Apple iliwaandikia mafundi wake hati ya ndani iliyotaja kwamba baadhi ya iPhone 7 na 7 Plus zenye iOS 11.3 kwenda mbele zingeweza kuwa na tatizo la maikrofoni, dalili yake ikiwa ni kitufe cha spika kufifia. Kutajwa kwa iOS 11.3 ndiko kulikowafanya watu wengi waamini kwamba ugonjwa ni wa programu, na imani hiyo bado inaharibu simu hadi leo. Baadaye wamiliki wa Marekani walifungua kesi huko California, na Apple ilikubali kulipa dola milioni 35 ili kuimaliza, bila kukiri kosa. Mwisho wa kuwasilisha madai ulikuwa tarehe 3 Juni 2024, na malipo yalihusu wamiliki wa Marekani peke yao. Sisi ambao simu hizi zinatufikia zikiwa zimeshatumika, kutoka Dubai, Ulaya au Marekani kwenyewe, tunabaki na njia ya kujitegemea.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu ikiwa imewaka, na chaja unayoiamini. Ikiwa umeme wa mtaani kwako unakatika mara kwa mara, tafuta pawabenki iliyojaa.
- Kompyuta, yako au ya mtu unayemwamini. Kwenye Windows utahitaji iTunes. Kwenye Mac yenye macOS Catalina (ya mwaka 2019) au ya baadaye, kazi hiyo hufanywa na Finder.
- Nafasi katika kompyuta isiyopungua kiasi kilichotumika ndani ya simu. iPhone 7 zinapatikana za GB 32, 128 na 256, kwa hiyo angalia kwanza yako imejaa kiasi gani.
- Waya wa USB usiokatakata. Waya unaolazimika kushikiliwa kwa kidole ili uchaji haufai kwa kazi hii.
- Namba ya siri ya kufungulia simu, pamoja na barua pepe na nywila ya Apple ID.
- Simu nyingine ya kupigia majaribio, na mahali penye utulivu.
- Karatasi na kalamu.

Hakikisha pia kwamba simu yako ni ya aina hiyo. Fungua Settings, ingia General, kisha About, gusa mstari wa namba ya modeli mpaka itokee namba inayoanza na herufi A. iPhone 7 ni A1660, A1778, A1779 au A1780, na 7 Plus ni A1661, A1784, A1785 au A1786. Wengi huichanganya na iPhone 8 kwa sababu sura ya mbele inafanana, ila ya 8 mgongo wake ni kioo na ya 7 ni alumini.

Hatua ya 1: Usiizime, na usiiache ijizime

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Ikiwa simu imewaka sasa hivi na dalili zimeshaanza, ichukulie kama jiko la mkaa ambalo kiberiti kimeisha: ukiliacha lizimike, huna uhakika wa kuliwasha tena. Iweke kwenye chaji na uendelee na kazi ikiwa hapo hapo. Mtu yeyote atakayekuambia "hebu izime uiwashe" anatoa ushauri unaofaa kwa simu nyingine, lakini kwa hii ndio unaowapeleka watu kwenye nembo ya tufaha isiyoondoka.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea yake baada ya kuambiwa hivyo dukani. Alikuwa ameizima saa nne asubuhi, na hadi anafika kwangu jioni ilikuwa bado inaonyesha tufaha, inazima, inaonyesha tufaha tena, na ndani yake zilikuwemo picha zote za harusi ya mwanawe. Zilipatikana, lakini baada ya bodi kutengenezwa, si kabla. Kilichomwokoa ni kwamba hapakuwa na mtu aliyeifuta njiani.

Hatua ya 2: Zuia simu isijisasishe yenyewe

Fungua Settings, General, Software Update, kisha Automatic Updates, na uzime vitufe vyote vilivyomo. Kusasisha programu kunailazimisha simu ijizime na kuwaka upya, tena usiku ukiwa umelala. Ujumbe wa kukuhimiza usasishe ukitokea, chagua kuahirisha, na usiingize namba ya siri kwa mazoea tu.

Hatua ya 3: Hamisha vitu vyako kabla ya jambo lingine lolote

1. Chomeka simu kwenye kompyuta. Simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Kubali na uingize namba ya siri.
2. Fungua iTunes au Finder, bofya alama ya simu, na uchague nakala ihifadhiwe ndani ya kompyuta hiyo.
3. Weka alama kwenye sehemu ya kufunga nakala kwa nywila. Nakala iliyofungwa hubeba pia nywila ulizohifadhi na taarifa za afya, ambazo nakala ya kawaida huziacha. Andika nywila hiyo kwenye karatasi sasa hivi, kwa sababu ukiisahau nakala hiyo haitafunguka.
4. Anza kunakili, usiuguse waya mpaka kazi iishe. Simu yenye GB 100 za vitu inaweza kuchukua saa nzima au zaidi.
5. Ikiisha, soma tarehe na saa ya nakala ya mwisho kwenye ukurasa ule ule. Kama haionyeshi leo, nakala haikukamilika.
6. Nakili picha mara ya pili kwa mkono. Kwenye Windows simu huonekana kama kamera; fungua folda ya DCIM na ukopi kila kilichomo.

Usiyekuwa na kompyuta unaweza kutumia iCloud kupitia Wi-Fi, ila nafasi ya bure ni GB 5 tu. Basi anza na majina ya simu, ambayo ni mepesi, kisha mazungumzo ya WhatsApp kwa kuingia mipangilio ya WhatsApp, Chats, halafu Chat Backup, ukiacha video nje. Picha zipeleke kwenye hifadhi nyingine ya mtandaoni au kwenye simu ya ndugu. Wenye programu zinazotoa namba za kuthibitisha akaunti za benki au kazi wazihamishie kwenye simu nyingine leo hii, kwa sababu nyingi za programu hizo hazibebwi na nakala ya kawaida.

Naulizwa sana kuhusu pesa za kwenye simu. Salio la M-Pesa, Airtel Money na huduma kama hizo halikai ndani ya simu bali kwenye akaunti iliyofungwa na laini yako, hivyo ukihamishia laini kwenye simu nyingine unaendelea kama kawaida.

Hatua ya 4: Ondoa visababishi vyepesi

Sasa ndipo tunaanza kuchunguza. Si kila iPhone 7 isiyosikika ina ugonjwa huu, na itakuwa hasara kulipia bodi ilhali tatizo ni vumbi.

1. Zima Bluetooth kabisa. Simu iliyoungana na spika ya sebuleni au redio ya gari hupeleka sauti huko bila wewe kujua.
2. Vua kava, na uangalie kama kinga ya kioo imeziba sehemu ya juu ya kusikilizia.
3. Safisha vitundu vya chini kwa mswaki mkavu wenye nywele laini. Ukiishika simu kioo kikikutazama, vitundu vya kulia kwa tundu la chaji ni vya spika, na vya kushoto ni vya maikrofoni. Usiingize sindano huko kushoto, kwa kuwa unaweza kutoboa utando wa ndani.
4. Ikiwa ni WhatsApp peke yake isiyorekodi huku simu za kawaida zinasikika vizuri, fungua Settings, Privacy, kisha Microphone, na uhakikishe kwamba WhatsApp imeruhusiwa. Kama tatizo liliisha hapo, huna haja ya kuendelea kusoma.

Hatua ya 5: Fanya vipimo vinne vya sauti

1. Fungua programu ya Voice Memos na ubonyeze kitufe chekundu. Simu nzima hurekodi na ukirudisha unasikia. Simu yenye ugonjwa mara nyingi hukataa kabisa kuanza kurekodi.
2. Piga simu kwa mtu wako na uangalie kioo. Kitufe cha spika kikiwa kijivu na hakibonyezeki, huku Bluetooth ikiwa imezimwa, hiyo ni dalili nzito kuliko zote.
3. Rekodi video fupi kwa kamera ya nyuma, kisha nyingine kwa kamera ya mbele, ukihesabu moja hadi kumi kwa sauti. Kila kamera hutumia maikrofoni yake, kwa hiyo vipimo hivi vinakuonyesha kama imekufa maikrofoni moja au zimenyamaza zote.
4. Bonyeza na kushikilia kitufe cha nyumbani umwite Siri, umwulize saa. Asiposikia, andika.

Usomaji wa majibu ni huu. Ikiwa imeshindwa maikrofoni moja tu, na Voice Memos inakubali kuanza japo sauti ni dhaifu, kuna uwezekano mkubwa tatizo ni maikrofoni yenyewe au sistimu chaji, na hiyo ni kazi nyepesi kwa fundi yeyote mzuri. Ikiwa Voice Memos imekataa, kitufe cha spika kimefifia, video zote hazina sauti, na unakumbuka kwamba simu ilichelewa kuwaka mara ya mwisho, basi ni aisii ya sauti. Kwa hali hiyo kubadilisha sistimu chaji ni kutupa fedha. Nimepokea simu zilizobadilishiwa sistimu mara tatu kwa mafundi watatu, na kidoa cha C12 kikiwa kimeng'oka muda wote huo.

Usiizime na kuiwasha ili kupima kuchelewa kwake, isipokuwa umeikagua nakala ya Hatua ya 3 na umeridhika.

Hatua ya 6: Amua kama inafaa kutengenezwa

Uulize bei ya matengenezo, kisha uulize bei ya iPhone 7 nyingine iliyotumika ya ukubwa ule ule. Ikiwa matengenezo yanazidi nusu ya bei hiyo na vitu vyako vimeshahamishwa, mimi humshauri mteja aweke akiba anunue simu ya toleo la mbele, kwa sababu iPhone 7 iliishia iOS 15 na haitapokea toleo kubwa jipya. Ikiwa vitu bado vimo ndani na simu haiwaki, hesabu hiyo haina maana: unalipia kumbukumbu zako, na hakuna njia ya kuzichomoa kumbukumbu hizo bila bodi hiyo hiyo kufanya kazi, kwa kuwa zimefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya bodi. Mtu akikuambia atahamishia "memori" kwenye simu nyingine, mwulize ataifunguaje.

Kuna kundi la tatu lenye mtihani wake. Tangu Mei 2025 WhatsApp inahitaji iOS 15.1 au zaidi, na wapo wenye iPhone 7 ambayo bado iko iOS 14 au chini, tena yenye dalili hizi. Hawa watengeneze bodi kwanza, kisha wasasishe. Kwenda kinyume kunaweza kukuacha na simu isiyowaka na WhatsApp isiyofunguka kwa pamoja.

Hatua ya 7: Chagua fundi kwa maswali, si kwa ubao wa dukani

Iwe ni Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, Luthuli Nairobi au mjini kwenu, wanaobadilisha kioo na betri ni wengi, na wanaoweza kazi ya bodi ni wachache. Mwulize fundi maswali haya kabla hujamkabidhi simu:

1. Je, una hadubini? Kazi hii haiwezekani kwa macho matupu.
2. Je, utaipasha moto aisii tu, au utaitoa na kuweka jampa (waya mwembamba wa kuunganisha palipokatika) kwenye C12? Kupasha moto kunaweza kurudisha sauti kwa siku au wiki, halafu kidoa kilichong'oka kinaachia tena, kwa sababu hakuna kilichotengenezwa.
3. Je, utanipa picha ya C12 kabla na baada?
4. Je, utanipa dhamana kwa maandishi, na ya muda gani?
5. Je, kuna wakati wowote utahitaji kuifuta simu? Jibu sahihi ni hapana.

Ili uelewe unacholipia: fundi anafungua kioo, anatoa bodi, anakinga sehemu za jirani, kisha anailegeza aisii kwa bloa (mashine ya kupuliza hewa ya moto) na kuinyanyua kwa kibano. Chini ya hadubini vidoa vyote vinang'aa kama vichwa vya pini, isipokuwa pale penye C12, ambapo mara nyingi unaona shimo jeusi la duara na, pembeni yake, ncha ya njia ya shaba iliyokatika. Fundi anaikwaruza ncha hiyo mpaka shaba safi itokee, analehemu waya mwembamba kuliko unywele, anaukunja mahali pa kidoa cha zamani, anaufunika kwa gundi inayokaushwa kwa mwanga, halafu anarudisha aisii yenye vipunje vipya. Fundi makini huimarisha na vidoa vingine vinavyojulikana kwa udhaifu akiwa hapo hapo. Ni kazi ya mkono uliotulia, na anayeijua anastahili malipo yake.

Mpe namba ya siri ya kufungulia ikiwa anaihitaji kwa majaribio, na uibadilishe ukirudishiwa simu. Nywila ya Apple ID usimpe yeyote. Mwombe pia awe mwangalifu na kitufe cha nyumbani: kwa iPhone 7 kitufe halisi kimefungamanishwa na bodi yake, na waya wake ukikatika wakati wa kufungua kioo, kitufe kingine hakitarudisha alama ya kidole. Na kwa kuwa simu inafunguliwa, angalia afya ya betri mapema kwenye Settings, Battery, Battery Health. Ikiwa iko chini ya asilimia 80, ibadilishwe hapo hapo ili usiifungue mara mbili.

Hatua ya 8: Pima mbele ya fundi kabla ya kulipa

Rudia vipimo vyote vinne vya Hatua ya 5 ukiwa dukani. Sasa zima simu na uiwashe huku ukitazama saa: simu iliyotengenezwa vizuri huwaka bila kukwama kwenye tufaha, kama zilivyo simu nyingine. Fanya hivyo mara mbili. Kisha pima alama ya kidole, kamera zote mbili, chaji na mtandao. Fahamu pia kwamba simu iliyofunguliwa haina tena kinga ya maji iliyotoka nayo kiwandani, hata kama fundi amebandika gundi mpya pembezoni mwa kioo. Usiipeleke bafuni.

Kama umeamua kuishi nayo bila kuitengeneza

Inawezekana, kwa masharti. Iache imewaka daima na usiruhusu chaji ishuke chini ya robo. Jaribu kuongea kwa vifaa vya masikioni vya Bluetooth. Kwa baadhi ya simu husaidia, kwa nyingine havisaidii kitu, kwa hiyo azima vya rafiki upime kabla ya kununua. Laini ya kazi na ya pesa iweke kwenye simu nyingine, hata ile ndogo ya vitufe, na iPhone 7 ibaki kwa intaneti, picha na ujumbe wa maandishi. Rudia nakala ya Hatua ya 3 kila wiki.

Mwenye simu ambayo bado ni nzima, akusudie kuichelewesha hitilafu hii kwa kuacha kuibeba mfuko wa nyuma wa suruali na kwa kutumia kava ngumu isiyopindika, si ile laini ya mpira. Vijana wa bodaboda huwa naona simu zao zimepinda kabisa kwa kukaliwa siku nzima. Ukiilaza mezani unaona mwanga chini yake.

Anayetaka kununua iPhone 7 iliyotumika afanye kipimo cha Voice Memos na cha kitufe cha spika, kisha amwombe muuzaji aizime na kuiwasha mbele yake. Muuzaji anayekataa kuizima ameshakupa jibu.

Yakikwama

*Simu imeganda kwenye tufaha na sina nakala.* Iweke kwenye chaji, usiguse vitufe, na uipe hadi nusu saa. Baadhi huwaka baada ya dakika nyingi, na ikiwaka nenda moja kwa moja Hatua ya 3. Isipowaka, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti na kitufe cha pembeni kwa sekunde kumi au zaidi mpaka tufaha litokee upya, kisha ngoja tena. Isipokubali, ipeleke kwa fundi wa bodi. Usikubali iunganishwe na kompyuta na kubonyezwa Restore, kwa kuwa hiyo hufuta kila kitu, tena kwa simu yenye aisii mbovu mara nyingi haimalizi kazi.

*Kompyuta haiioni simu.* Badilisha waya kwanza, kisha tundu la USB. Hakikisha kioo cha simu kimefunguliwa kwa namba ya siri wakati unachomeka. Usiizime simu kwa sababu hii. Ikibidi, izime kompyuta.

*Sauti ilipotea siku mbili, sasa imerudi yenyewe.* Kidoa kinagusa na kuachia kadiri simu inavyopata joto au kupindwa. Itumie nafasi hiyo kunakili vitu vyako leo.

*Baada ya matengenezo spika iko sawa lakini mtu wa upande wa pili bado hanisikii.* Angalia kama video ya kamera ya nyuma ina sauti. Ikiwa ina sauti, aisii inafanya kazi na mbovu ni maikrofoni ya chini, ambayo iko kwenye sistimu chaji. Hapo ndipo kuibadilisha kunapofaa.

*Sauti iko sawa, ila simu inaandika "No Service" hata ikiwa na laini nzima.* Hiyo ni hitilafu nyingine ya bodi. Apple iliitangaza Februari 2018 kwa baadhi ya iPhone 7 za modeli A1660, A1779 na A1780 zilizotengenezwa kati ya Septemba 2016 na Februari 2018. Hakikisha kwanza kwamba laini inashika mtandao kwenye simu nyingine na kwamba simu yako haijafungwa kwa mtandao wa nje, kisha mwambie fundi wa bodi dalili hiyo kwa jina lake, ili asianze kutafuta kwenye aisii ya sauti.